Kabla hujaongeza mbolea bwawani, zamisha mkono

Mwaka juzi nilichimba bwawa la perege nyuma ya shamba langu la zabibu, huku Hombolo, Dodoma. Nilishasikia samaki wanapenda maji ya kijani, nikamwaga samadi ya kuku. Maji yakashika rangi, nikafurahi, nikaongeza kiroba kingine. Kisha Januari nikatupia urea juu juu kwenye nyanya, wingu limetanda naliona. Usiku mvua ikashuka, mbolea yote ikateremkia bwawani.

Siku chache baadaye maji yalikuwa mazito kama mlenda. Alfajiri moja nikakuta perege wote wako juu, midomo wazi, wanatweta. Jua linatoka, nusu yao wanaelea matumbo juu. Nikawaza sumu, nikaanza hata kumshuku jirani, Mungu anisamehe. Mzee mmoja aliyevua Hombolo miaka mingi akachota maji kwa kiganja, akanusa. "Mwanangu, hakuna aliyekuwekea sumu. Wamekosa pumzi."

Ndivyo ilivyokuwa. Ule mwani mdogo unaotia maji rangi hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nao huivuta kama samaki. Ukifa, bakteria wanaouozesha humaliza iliyobaki. Ndiyo maana msiba huja alfajiri.

Na haya hayaishii bwawani. Maji yetu ni ya Mto Kinyasungwe, ambayo huungana na yanayoshuka Kilosa kuwa Mto Wami, nao humwaga baharini karibu na Saadani. Pwani, kwenye maji ya kina kifupi, nyasi bahari huishi kwa jua linalofika chini. Nitrojeni ikizidi, iwe ya mashamba au ya vyoo vya mjini, mwani huota juu ya majani yake na kuyatia kiza. Nyasi zikifa, tope lililoshikwa na mizizi linatibuka, maji yanazidi kuchafuka, hata nyasi zilizosalia zinakosa mwanga. Tasi na kamba wachanga waliojificha humo hawana tena pa kukaa. Sisemi urea yangu ilifika Saadani, maana mchanga wa makorongo yetu hunywa mengi njiani. Ila ugonjwa ni ule ule.

Kwa hiyo, mwenye bwawa, kila asubuhi zamisha mkono wima. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, usiweke samadi tena, punguza chakula, toa maji kiasi uingize mapya.

Shambani, urea ina nitrojeni asilimia 46, haitupwi kama unalisha kuku. Chimba kishimo pembeni ya shina, weka, fukia. Igawe mara mbili au tatu. Wingu likitanda, ahirisha. Mimi pia nimeacha ukanda wa majani hatua tano kati ya nyanya na bwawa, uchuje maji ya mvua. Tatizo ni mbuzi wa mama watoto, wameshaugundua, na mwenyewe hataki kusikia habari ya kuwafunga kamba.