Rust: impoti ya testi tu inaleta onyo, ukiifuta testi zinagoma

Kwa wanaoingia sasa: mkuu mmoja aliyeuliza kutoka Nachingwea ana faili la `malipo.rs` la lugha ya programu ya Rust, na juu kabisa ameandika impoti (mstari wa kuita kitu cha nje ili kitumike) `use std::collections::HashMap;`. Akiendesha `cargo build` (Cargo ndiyo zana ya Rust ya kujenga programu na kuendesha testi), kompaila inalalamika kwamba impoti hiyo haitumiki. Akiifuta, `cargo test` inagoma kwa kosa E0433, yaani jina halijulikani. Wadau wawili wamemshauri abandike `#[allow(unused_imports)]`, alama ya kunyamazisha onyo hilo, yaishe. Hapo sikubaliani nao.

Niko Mtwara mjini, natunza programu ya Rust inayokokotoa malipo ya wakulima wa korosho kwa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) moja ya Tandahimba. Unachukua kilo zilizo kwenye stakabadhi ya ghala, bei ya mnada, unatoa makato ya kila kilo, kinachobaki ni cha mkulima. Hesabu yenyewe ni mistari michache. Testi ndizo ndefu, maana shilingi moja ikipotea kwenye kila kilo, mkutano wa wanachama hautakwisha siku hiyo. Kwa hiyo impoti za testi kwangu ni nyingi kuliko za programu yenyewe.

Mkuu, kompaila haikuonei. `cargo build` haizioni kabisa testi zako, kwa sababu kila kilicho chini ya `#[cfg(test)]`, alama ya vitu vya testi tu, kinaondolewa kabla ya kukaguliwa. Kwa macho yake `HashMap` imeitwa na haina kazi. Swali ni kwa nini testi ziliweza kuitumia wakati wewe hukuiita ndani yake. Jibu liko kwenye `use super::*`. Ile nyota inabeba kila kinachoonekana kwenye moduli mama (ile yenye moduli ya testi ndani yake), pamoja na impoti zake za binafsi. Testi zako zilikuwa zinaazima `HashMap` ya mama bila kusema. Iteremshe kwenye moduli inayoihitaji:

```
pub fn malipo(kilo: u64, bei: u64, makato: u64) -> u64 {
    kilo * (bei - makato)
}

#[cfg(test)]
mod tests {
    use super::*;
    use std::collections::HashMap;
    // testi zinafuata hapa
}
```

Onyo limekwisha, testi zinapita. Siku mama naye akihitaji `HashMap`, iite huko juu bila wasiwasi: jina lililoitwa waziwazi linashinda lililoletwa na nyota, hakuna mgongano.

Ile `allow` naikataa kwa sababu inanyamaza milele. Testi zikifutwa kesho, impoti itabaki pale na hakuna atakayekukumbusha. Kama huna budi kunyamazisha, tangu Rust 1.81 (Septemba 2024) kuna `#[expect(unused_imports)]`, ambayo yenyewe inatoa onyo pale sababu ya kuiweka inapokwisha. Ila kwa impoti yako hii hata usiiweke: kwenye `cargo test` impoti inatumika, kwa hiyo `expect` ndiyo itakayoanza kulalamika.

Kuandika `#[cfg(test)]` juu ya `use` moja moja pale juu ya faili inafanya kazi, lakini zikifika tano hivi faili halisomeki. Mimi siifanyi.

Kreti za nje, yaani vifurushi vya msimbo vya watu wengine, zina mlango wao. Kitu kama `pretty_assertions` kinakaa chini ya `[dev-dependencies]` kwenye `Cargo.toml`, na hakimfikii mtu anayetumia maktaba yako. Angalia kinyume chake: ukiita kreti ya aina hiyo nje ya moduli ya testi, `cargo test --lib` itapita vizuri na `cargo build` itagoma. Ndiyo maana naendesha zote mbili kabla ya kupeleka mabadiliko ya msimbo. Kwa ukaguzi wa haraka, `cargo check --all-targets`. `cargo check` tupu haigusi testi.

Sasa pale wengi wanapokwama, na naona mkuu anaelekea huko kwa sababu amesema ana folda ya `tests/`. Mimi nina funksheni `stakabadhi_ya_mfano()` inayotengeneza stakabadhi bandia yenye kilo, daraja na makato. Ukiiweka ndani ya maktaba chini ya `#[cfg(test)]`, testi za folda ya `tests/` hazitaiona. Kila faili la folda hiyo ni kreti inayojitegemea, na maktaba yako inakompailiwa kwa ajili yake kama kwa mteja mwingine yeyote, bila `cfg(test)`. Utaita jina na kuambiwa halipo, huku unaliona kwa macho yako.

Kama ni folda hiyo tu inayoihitaji, weka msaidizi kwenye `tests/common/mod.rs`, kisha andika `mod common;` kwenye kila faili linalomtumia. Usiweke `tests/common.rs`, Cargo itaidhani ni faili la testi. Utaona pia maonyo ya funksheni zisizotumika, kwa kuwa kila faili linakompaili nakala yake ya `common` na si kila moja linaita kila kitu. Hapo `#![allow(dead_code)]` juu ya `mod.rs` ni halali, siibishii.

Ukiwa na kreti mbili kwenye workspace (mradi mmoja wenye kreti kadhaa), kwangu `hesabu` na `ghala`, na zote zinataka stakabadhi bandia ileile, `common` haitoshi. Nilitengeneza kreti ya tatu, `mifano`, inayotegemea `hesabu`, na wengine wanaiita kwenye `[dev-dependencies]`. Hata `hesabu` yenyewe inaweza kuiita. Cargo inaruhusu mzunguko huo kwa sababu ni wa testi. Ila uitumie kwenye folda ya `tests/` tu. Ukiiita ndani ya `mod tests` ya `hesabu`, kutakuwa na `hesabu` mbili, moja iliyokompailiwa kwa testi na nyingine ya kawaida ambayo `mifano` inaitegemea. Kompaila itakwambia `Stakabadhi` si sawa na `Stakabadhi`, na utasaga meno. Kwa testi za ndani, mimi naandika msaidizi mdogo palepale, hata kama anajirudia kidogo.

Aliyeuliza aendesheje testi bando likiisha: ukiwa na mtandao mzuri endesha `cargo fetch`, inashusha kila kilichomo kwenye `Cargo.lock`, vya testi vikiwemo. Baada ya hapo `cargo test --offline` inatosha. Mei 2024, mikongo ya baharini ilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, testi zangu ziliendelea hivyo hivyo.

Mkuu, ukishaihamisha hiyo `HashMap` na bado inagoma, weka hapa `Cargo.toml` yako nzima, siyo picha ya skrini.