Ukipata postikadi ya zamani, igeuze kwanza

Watu wananiuliza nikishika postikadi au bango la zamani huwa naanzia wapi, na jibu langu ni lilelile kila siku, usianze na picha. Najua picha ndo imekuvutia, lakini jicho likishazama kwenye zile rangi na sura za watu unakuwa umeshaamini kitu kabla hujauliza kimetoka wapi. Mi nageuza kwanza nione mgongo.

Mgongo wa postikadi unasema mengi sana. Postikadi rasmi ya kwanza ilitoka Austria-Hungaria Oktoba 1869, na wala haikuwa na picha, alafu hata picha zilipoanza kuingia, sheria za posta bado zilitaka upande mmoja ubaki wa anwani peke yake, kwa hiyo mwenye salamu zake alizibana pembeni mwa picha au akaandika juu ya picha yenyewe. Uingereza ndo ikaruhusu 1902 mgongo ugawanywe kwa mstari, kushoto ujumbe kulia anwani, na Marekani wakafuata 1907. Sasa mtu akikuletea kadi ya Marekani yenye ule mstari anakwambia ni ya 1895, hapohapo unajua kuna kitu hakijakaa sawa, na hujahitaji mtaalamu wala nini.

Kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote ni hiki: picha moja inaweza kuwa na tarehe tatu. Kuna iliyopigwa au kuchorwa, kuna iliyochapwa, na kuna iliyotumwa, na muhuri wa posta unakupa hiyo ya mwisho tu. Wachapishaji walikuwa wanarudia negativu ileile (kile kioo au filamu ya kutolea picha) miaka na miaka, jengo limeshabomolewa na mtaa umeshabadilika sura, kadi bado iko sokoni. Kwa hiyo nikiona muhuri wa 1912 naandika "1912 au kabla", siandiki "mtaa ulivyokuwa 1912". Tafadhali sana fanya hivyo na wewe, kwa sababu wakishakuja wengine kunakili tarehe yako inageuka kuwa historia na kuifuta ni kazi kubwa mno.

Rangi nazo, jamani. Kadi nyingi za rangi za mwanzoni mwa karne ya 20 zilianza kama picha nyeusi na nyeupe, rangi zikaja kuwekwa kiwandani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilifanyika Ujerumani hata kama mji uliopigwa picha uko bara lingine kabisa. Yaani fundi anapaka paa, nguo na anga za mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Usije ukasema "kina mama wa pale walivaa nyekundu" kwa ushahidi wa kadi ya namna hiyo. Na zile za usiku zenye mwezi mzuri juu ya maji, nyingi ni picha za mchana zimetiwa giza na mwezi ukachomekwa.

Tafuta lenzi ya kukuzia, ya kawaida tu inatosha. Ukiona vidoti vimejipanga kwa safu, hiyo imechapwa kwa mashine kutoka kwenye picha, ukiona chembechembe zisizo na mpangilio na rangi zimelala bapa mara nyingi ni lithografia ya mawe, yaani mchoro uliochorwa juu ya jiwe na kuchapwa kutoka hapo, na ukiona kivuli kinafifia taratibu bila kidoti hata kimoja basi huenda ni fotografia halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya postikadi. Kwa mabango lenzi ndo mkombozi wako, maana bango la miaka ya 1890 likijaa vidoti vilivyopangwa vizuri, uwezekano mkubwa umeshika kopi ya juzijuzi.

Alafu jiulize nani aliiona wakati ule. Hapa watu hawafiki na mimi ndo sehemu ninayoipenda zaidi. Lile bango la mwanamke aliyekunja ngumi, "We Can Do It!", lilichorwa na J. Howard Miller kwa ajili ya viwanda vya kampuni ya Westinghouse ya Marekani, likabandikwa humo ndani wiki mbili tu Februari 1943, na umaarufu wake umekuja miaka ya 1980. "Keep Calm and Carry On", bango la Uingereza la kuwaambia watu watulie na waendelee na shughuli zao, ilichapwa 1939 nakala zaidi ya milioni 2, karibu zote zikakaa stoo na nyingi zikasagwa kuwa karatasi upya, dunia ikaja kuijua baada ya nakala moja kuonekana 2000 kwenye duka la vitabu vya zamani huko Alnwick. Sasa linganisha na bango la 1917 la James Montgomery Flagg, lenye Mjomba Sam (yule mzee anayesimama badala ya Marekani) anayekunyooshea kidole, hilo lilichapwa zaidi ya nakala milioni 4 na watu walipishana nalo kweli. Yote matatu tunayaona leo kama picha za vita, ila ukitaka kuandika wananchi walihisi nini wakati wa vita, mawili ya kwanza hayawezi kukusaidia, labda uandike kuhusu miaka ya 1980 na 2000.

Mabango ya biashara nayasoma kama matangazo, basi. Wale wanawake wachangamfu wa Jules Chéret, mchoraji wa mabango wa Ufaransa, waliojaa kuta za Paris walikuwa wanauza burudani na mafuta ya taa, wanakuonyesha muuzaji alitaka mpita njia ajisikie vipi, na hilo lenyewe ni jambo kubwa la kujua.

Kwa kadi za enzi za ukoloni nakuomba uwe makini mara mbili. Wapigapicha kama François-Edmond Fortier wa Dakar walitoa kadi nyingi mno za Afrika Magharibi, na kwenye kadi za aina hii watu waliopigwa mara nyingi wameandikwa kabila au "aina", jina hamna. Huyo ni mama wa mtu, ni binti wa mtu. Kapsheni, yaani maelezo yaliyochapwa kwenye kadi, iweke kwenye alama za kunukuu, taja mchapishaji, usiirudie kama vile ni maneno yako, na angalia kama sura hiyohiyo imetokea kwenye kadi nyingine na maelezo tofauti, maana hilo hutokea.

Ukiskani, skani pande zote mbili na usikate kingo, maana namba ndogo ya mchapishaji huwa imejificha pale chini kabisa. Na ukiikuta mtandaoni ikiwa upande wa picha tu, muulize aliyeiweka kama anaweza kuweka na mgongo, wengi wanao ila hawakudhani kuna mtu angeuhitaji.