Mnaoanza mita 1500, acheni pupa

Wasichana wangu mnaokuja Gombani hapa Pemba, na nyie wa Amaan kule Unguja, kila mmoja anataka kuwa Faith Kipyegon, yule Mkenya bingwa wa mita 1500, na sikatai, lakini mnachoangalia kwenye simu ni zile mita 200 za mwisho tu, alaf mkija kiwanjani mnafyatuka kama mnakimbizwa na ng'ombe wa mchezo.

Hebu tupige hesabu. Rekodi yake ya dunia, Eugene kule Marekani, Julai 2025, ni dakika 3:48.68. Igawe utaona kila mita 400 kama sekunde 61, mwanzo mpaka mwisho. Sasa weye ambae kwenye 1500 kila 400 yako ni sekunde 85 unaanzaje na 70? Mbio zenyewe zina mita 300 za mwanzo alaf raundi tatu kamili, kengele inalia zimebaki 400, na inayoua watu ni ile raundi kabla ya kengele, pumzi ishakata, mwisho hujauona, na wengi hapo ndo wanalegea bila kujijua. Mazoezini mwambie mwenzio akushikie saa hapo hapo, ukiweza kubaki kwenye 85 zako basi mkimbiaji ushakuwa.

Na msitake medali msimu wa kwanza jamani. Olimpiki ya London 2012 Kipyegon alitolewa kwenye mchujo, ana miaka 18. Dhahabu za 1500 zikaja Rio 2016, Tokyo, na Paris 2024, na katikati hapo 2018 kazaa mtoto wake, 2019 karudi Doha kachukua medali ya fedha ya dunia. Kwa hio shangazi akikwambia ukizaa mbio basi, mpe habari hio, kwa adabu lakini.

Yeye anafanya mazoezi Kaptagat kule Kenya, juu ya mita 2000 na baridi, sie tuna joto na ufukwe. Kimbieni maji yakitoka, mchanga ukiwa mgumu, ila ufukwe umeinama, ukenda upande mmoja tu goti litakusumbua, nenda na urudi pale pale. Na raba vaeni, najua 2010 alikimbia peku mbio za nyika za dunia za vijana akawa wa nne, lakini huku kwetu kuna vipande vya chupa.

Mtandio wa pini hapana, vaa hijabu ya kuvuta, nyepesi. Ramadhani jogi taratibu karibu na magharibi, spidi tutafanya baada ya tarawehe, na kila mtu aje na maji yake.