Rayleigh au Rice kwa mawimbi ya redio ya ndani ya jengo?

Ndugu, umeuliza kwa nini modeli yako ya Rayleigh (modeli ya takwimu ya jinsi nguvu ya mawimbi yanayopokelewa inavyopanda na kushuka) hailingani na vipimo vya ukumbini, ilhali antena zinaonana. Tatizo ni hilo hilo la kuonana: Rayleigh inafaa pale ambapo hakuna njia moja inayozidi nyingine kwa nguvu. Antena zikionana, njia ya moja kwa moja huzidi nyingine, basi tumia Rice, modeli inayoihesabu njia hiyo. Ukihitaji na ucheleweshaji wa mawimbi yanayodunda ukutani, anza na modeli ya watafiti Saleh na Valenzuela ya 1987. Humo mawimbi hufika kwa mafungu, yakififia kadiri yanavyochelewa.

Na tafadhali usipime sehemu moja tu! Kwenye gigahezi 2.4 urefu wa wimbi ni kama sentimita 12.5, hivyo kusogeza antena sentimita 3 tu kunaweza kuiangusha nguvu vibaya. Isogeze kidogo kidogo, chora mgawanyo wa vipimo vyote, ndipo ulinganishe.