Je, seli za kinga ndizo zinazokula gegedu kwenye baridi yabisi?

SWALI: Daktari, mama yangu ana baridi yabisi ya vidole na magoti. Tumeambiwa kinga ya mwili wake inashambulia viungo. Ninasoma biolojia, na ninashindwa kuelewa: seli za kinga huliharibuje gegedu wakati halina hata mishipa ya damu ya kuzipitisha? Na mbona dawa za maumivu zinampa nafuu lakini vidole vinazidi kupinda?

JIBU: Pole kwa kumuuguza mama. Ni kweli gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halina mishipa ya damu, na ndiyo maana mambo huanzia jirani yake, kwenye utando laini unaokizunguka kiungo na kutoa ute wa kukilainisha. Utando huo una damu ya kutosha. Seli za kinga, yaani seli T, seli B na makrofaji, humiminika humo na kuweka makao. Seli B hutengeneza kingamwili zinazolenga protini za mwili wenyewe. Kwa wagonjwa wengi kingamwili hizo huonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla ya kiungo cha kwanza kuvimba. Makrofaji, zikichochewa na seli T, hutoa kwa wingi saitokini, yaani protini ndogo zinazopeleka ujumbe kutoka seli hadi seli: TNF, interlukini-1, interlukini-6.

Ujumbe huo ndio unaofanya madhara makubwa. Ukizifikia faibroblasti, yaani seli zinazojenga utando wenyewe na ambazo si seli za kinga, huzaliana, utando ukanenepa na kutambaa juu ya gegedu huku ukimwaga vimeng'enya vinavyokata kolajeni, protini ya nyuzi inayolipa gegedu uimara. Kupitia ute, ujumbe hupenya pia hadi kwenye kondrosaiti, seli pekee zinazoishi ndani ya gegedu na ambazo kazi yake ni kulitunza. Nazo huacha kujenga, zikaanza kubomoa. Kwangu mimi hilo ndilo linalosikitisha kuliko yote katika ugonjwa huu.

Zipo seli za kinga zinazoligusa gegedu moja kwa moja: nyutrofili, ambazo hujaa kwenye ute wa kiungo kilichovimba. Kingamwili zikinasa juu ya gegedu, nyutrofili huzifuata na kumwaga vimeng'enya vyake papo hapo.

Kinachotangulia kupotea ni agrekani, inayoshika maji kama sifongo na kulipa gegedu uwezo wa kuhimili uzito. Hiyo hurudi kwa kiasi. Kolajeni ikikatika, hali ni ngumu: kwa mtu mzima, inakadiriwa kwamba nusu tu ya kolajeni ya gegedu huchukua zaidi ya miaka 100 kubadilishwa. Ndiyo sababu tunasisitiza tiba ianze mapema.

Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki huzuia prostaglandini, zinazoleta maumivu na uvimbe. Saitokini haziguswi. Mama anaweza kulala vizuri usiku kucha, gegedu likaendelea kuliwa, mfupa nao ukalika na kano zikalegea. Hapo ndipo vidole hupinda. Methotreksati huutuliza ugonjwa wenyewe. Isipotosha, zipo dawa zinazoikamata TNF, zilizoanza kuruhusiwa kwa baridi yabisi mwishoni mwa miaka ya 1990, na hupunguza uharibifu unaoonekana kwenye eksirei. Lakini TNF hiyohiyo ndiyo husaidia kuidhibiti TB iliyojificha mwilini, kwa hiyo mgonjwa hupimwa TB kwanza.

Mama asiache dawa zake. Ila muulizeni daktari wake: kati ya anazotumia, ipo inayozuia ugonjwa, au zote ni za maumivu?