Wadi Yako Inaishia Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Mipaka

Katika safu iliyopita nilidokeza kwamba wadi 55 za Kaunti ya Nakuru haziongezwi kwa kelele za mkutano wa hadhara. Wiki nzima simu yangu haikupoa. Baadhi ya jumbe zilikuwa matusi yaliyovishwa alama ya kuuliza. Hizo nimeziacha zilale. Zilizobaki, kutoka Nakuru hadi Kisumu hadi mpakani mwa Vihiga, ninazijibu hapa.

Mwalimu, hapa Kaptembwo tumebanana kama omena kwenye gunia. Siku ya kura foleni inazunguka shule mara mbili. Kwa nini tusigawanywe tupate wadi mbili? (Msomaji, Nakuru)

Ndugu yangu, tuanze na hesabu. Kenya nzima ina wadi 1,450, na idadi hiyo imo katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Katiba nayo, kifungu cha 89, inataka kila wadi ikaribie kipimo kimoja: chukua watu wote waliohesabiwa nchini, gawanya kwa idadi ya wadi. Sensa ya 2019 ilitupata tukiwa 47,564,296. Ukigawanya kwa 1,450 unapata watu 32,803 hivi. Hicho ndicho kipimo.

Sasa rudi nyumbani. Nakuru ilihesabiwa watu 2,162,202. Wagawanye kwa wadi 55, kila moja inabeba wastani wa watu 39,300. Kwa kipimo cha taifa tungestahili wadi zinazokaribia 66. Kwa hivyo lalamiko lako lina mashiko.

Lakini hizo 11 zitatoka wapi? Vihiga ina watu 590,013 na wadi 25, yaani wastani wa watu 23,600. Kwa kipimo kilekile ingekuwa na wadi 18. Maadamu jumla ni 1,450, anayeomba wadi moja hapa anaomba mtu mwingine apokonywe kule, hata kama hasemi hivyo jukwaani.

Chanzo cha pengo hilo hakionekani haraka. Tazama: Nakuru ina maeneobunge 11 na wadi 55. Vihiga 5 na 25. Kisumu 7 na 35. Kakamega 12 na 60. Bungoma 9 na 45. Kote huko ni tano kwa kila eneobunge. Wadi za 2012 zilifuata maeneobunge, na maeneobunge yenyewe yalikuwa na kinga: Katiba ilisema mapitio ya kwanza yasifute eneobunge lolote lililokuwepo ilipoanza kutumika mwaka 2010. Tukatoka 210 tukafika 290, na yale madogo hayakuguswa. Ni ndani ya kaunti ndipo wadi zilipotofautiana, ndiyo maana Naivasha ina wadi 8 na Subukia 3. Kinga ile ilikuwa ya mara moja. Ningekuwa mwanasiasa wa Vihiga, mapitio yajayo ningeyasubiri nikilala jicho moja.

Bunge likitaka linaweza kubadilisha hiyo 1,450, kwa kuwa ni sheria ya kawaida tu. Ile 290 ndiyo iliyochongwa ndani ya Katiba. Ila kila wadi mpya ni mwakilishi mpya wa kulipwa mshahara, na hilo silioni likipita kimyakimya.

Kuhusu foleni, hiyo si kazi ya wadi. Sheria inasema kituo kimoja cha kupigia kura kisizidi wapiga kura 700. Kikizidi, dai chumba kingine na sanduku jingine palepale shuleni. Hilo halihitaji mpaka wowote kusogezwa.

Mimi naishi Nyalenda A, dada yangu Nyalenda B. Chumvi tunaombana. Mbona tuna wabunge wawili na wawakilishi wadi wawili? (Mama Pendo, Kisumu)

Mama Pendo, wengi hudhani ofisa wa tume ya uchaguzi hutandika ramani mezani akapiga mstari kwa kalamu. Fungua tangazo la Machi 2012 katika Gazeti Rasmi la Serikali uone. Kila wadi imeelezwa kwa maneno machache tu: inajumuisha kata ndogo fulani na fulani za kaunti fulani, na kando yake idadi ya watu. Basi. Tofali la kujengea wadi ni kata ndogo, yaani sablokesheni, eneo la naibu chifu. Nyalenda A ikaangukia eneobunge la Kisumu Mashariki, Nyalenda B ikaenda Kisumu ya Kati. Chumvi yenu haikuulizwa.

Na mpaka wa kata ndogo yenyewe uko wapi? Mwaka 2009 nilisimamia makarani wa sensa katika vijiji viwili nje ya mji wa Nakuru. Kabla ya usiku wa Agosti 24, mzee wa kijiji alitutembeza. Tulipofika penye mfereji mkavu akanyoosha fimbo: huku ni kwetu, ng'ambo ni kwa naibu chifu mwingine. Shida ni kwamba boma moja lilikuwa limeukalia mfereji huo. Jiko lilikuwa upande wetu, nyumba ya kulala upande wa pili. Karani akauliza awaandike wapi. Mzee akacheka, akasema, "Wanapolala." Watu tisa wakaingia kata ndogo ya ng'ambo. Miaka mitatu baadaye kata hiyo ilipopangwa kwenye wadi, wale tisa walikwenda nayo. Ugali wao ulibaki ukipikwa kwetu.

Wanaohesabiwa ni wapiga kura au ni watu wote?

Watu wote. Mtoto aliyezaliwa jioni kabla ya usiku wa sensa anahesabika sawa na babu yake. Daftari la wapiga kura halimo kabisa katika hesabu hii, kwa hivyo yule mwanasiasa anayewaambia mjiandikishe kwa wingi "ili tupate wadi" anawachezea. Jiandikisheni kwa sababu nyingine.

Nakuru sasa ni jiji. Si tuongezewe wadi? (Kijana wa London, na si ile ya Uingereza)

Umenichekesha. Kwa wasioijua Nakuru, London ni wadi yetu katika Nakuru Mjini Magharibi.

Hati ya jiji tuliipokea Desemba 1, 2021, kukapigwa vigelegele. Katika suala la mipaka, hata hivyo, jiji lina masharti yasiyopendeza. Katiba inaruhusu wadi kupishana na kipimo kwa asilimia 30 juu au chini. Kwa majiji, na kwa maeneo yenye watu wachache, ruhusa hiyo ni asilimia 40. Kwa takwimu za 2019, wadi ya kawaida inapaswa kukomea watu 42,640 hivi, lakini ya jijini inaweza kujaa hadi 45,900 na tume isiwe imekosea chochote. Kwa lugha ya mtaani, jiji limepewa ruhusa ya kubanana zaidi. Walioandika Katiba waliona mtu wa mjini anamfikia mwakilishi wake kwa bodaboda ya dakika kumi, ilhali wa Samburu anatembea siku nzima. Sijui kama walishawahi kumtafuta mwakilishi wadi wa mjini.

Nina duka Maseno. Huyu anasema tuko Kisumu, yule anasema Vihiga, na kila upande unataka ushuru. Tume ya mipaka ikija si itatumalizia ugomvi huu?

Hapana, na ningependa hili lieleweke kuanzia Maseno hadi Sondu, ambako Kisumu na Kericho nao wanavutana. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, yaani IEBC, inakata wadi na maeneobunge ndani ya kaunti. Mpaka wa kaunti kwa kaunti hauko mikononi mwake. Huo uko chini ya kifungu cha 188 cha Katiba: Bunge liunde tume maalum huru, tume hiyo ipendekeze, kisha theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Taifa wakubali, na theluthi mbili ya wajumbe wote wa kaunti katika Seneti nao wakubali. Ni mlima. Jina la IEBC lina neno "Mipaka" ndani yake, nafikiri ndilo linalowapotosha watu.

Wizara imetuletea lokesheni mpya na chifu mpya. Wadi yetu imebadilika? (Bungoma)

Haijabadilika. Lokesheni ni za serikali kuu, kwa ajili ya utawala. Wadi ni ya uchaguzi na hubadilishwa na IEBC pekee. Hata bunge la kaunti, ambalo lina uwezo wa kuunda vijiji chini ya wadi, haliwezi kuunda wadi. Chifu mpya ni wa kumkaribisha tu.

Mapitio yalipaswa kufanyika lini, na kwa nini hayakufanyika? Yatawahi 2027? (Mzee wa Kakamega)

Mzee wangu, maeneobunge yanapaswa kupitiwa kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi kumi na miwili. Tangazo lilikuwa Machi 2012, hivyo muda uliisha Machi 2024. Wakati huo tume haikuwa na kamishna hata mmoja. Wa zamani waliondoka kati ya Desemba 2022 na mapema 2023, wengine kwa kujiuzulu, wengine kwa muda wao kwisha, mmoja kwa kuondolewa, na wapya chini ya mwenyekiti Erastus Ethekon waliapishwa Julai 2025. Kiti kitupu hakiwezi kukata mpaka.

Wadi zenyewe Katiba imesema tu zipitiwe mara kwa mara, bila kutaja miaka. Lakini kwa kuwa wadi hukaa ndani ya eneobunge, moja likisogea lingine halitulii.

Kuhusu 2027: mapitio yakikamilika ikiwa imebaki chini ya miezi 12 kufikia uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo. Kura ni Agosti 10, 2027, kwa hivyo hesabu nyuma mwaka mmoja. Kazi isiyokamilika kufikia Agosti 2026 ni ya uchaguzi unaofuata, haijalishi nani ameahidi nini mazishini.

Tume ikiitisha maoni, tuseme nini tusikike? (Kikundi cha akina mama, Kisumu)

Hili ndilo swali nililolipenda. Nimekaa nyuma ya kumbi hizo. Watu wanane mfululizo husimama kusema "sisi tumeonewa tangu uhuru", ofisa anaandika mstari mmoja, wa tisa anapewa dakika mbili. Msifanye hivyo.

Nendeni na majina ya kata ndogo mnazotaka zitolewe au ziingizwe, na idadi ya watu ya kila moja kutoka Shirika la Takwimu la Kitaifa, KNBS. Onyesheni jumla mpya, ya wadi yenu na ya ile mnayoipunguza, zote mbili zikiwa ndani ya asilimia 30, au 40 kama ni jijini. Anayesahau jirani hurudishwa nyumbani. Kisha tajeni sababu ambazo Katiba inazitambua: maumbile ya nchi na miji, uhusiano wa jamii kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, na njia za mawasiliano. Mfangano, kule Homa Bay, ni wadi ya peke yake, nayo ni kisiwa. Huwezi kumwambia mtu avuke ziwa kwa boti kila anapotafuta basari. Semeni mto gani hufurika mwezi gani, soko gani mnalouzia, matatu inapita wapi na nauli ni ngapi. Jamii ndogo zisione haya kusema ni jamii ndogo: mwaka 2006 Mahakama Kuu iliwasikiliza Wailchamus wa Baringo kwa hoja hiyohiyo ya kukosa uwakilishi.

Yote haya yaandikeni, mkabidhi karatasi, mbaki na nakala yenye muhuri. Tangazo likitoka na hamjaridhika, mna siku 30 tu kufika Mahakama Kuu, na kesi iamuliwe ndani ya miezi mitatu. Mwaka 2012 zilifika kesi zaidi ya 100, na baadhi ya mipaka ilirekebishwa.

Barua yangu ya basari ilipelekwa Naivasha na mimi niko Nakuru mjini. Nini kilitokea? (Mzazi, wadi ya Biashara)

Kaunti yetu ina wadi mbili zinazoitwa Biashara, moja Nakuru Mjini Mashariki, nyingine Naivasha. Tume inaweza kubadilisha hata jina, kwa hivyo lipelekeni nalo kwenye maoni. Kwa sasa, kila fomu unayojaza, andika eneobunge mbele ya jina la wadi, kwa herufi kubwa.