Maswali na majibu: Nyari, chumvi ya Gongoni na mashimo ya kale

Likizo ya Agosti imefika, na barua nyingi za juma hili zinauliza jambo moja: familia itoke Malindi, ione korongo la Marafa, yaani Nyari, ipite mashamba ya chumvi ya Gongoni, na wengine wanataka kuongeza machimbo ya zamani ya madini huko bara. Ni siku nzuri sana ikipangwa. Isipopangwa, ni siku ya kumbeba mtoto mgongoni akiwa hajitambui.

Tuko sita, watoto ni wanne, wa mwisho ana miaka 5. Tunataka kutoka nyumbani saa 4 asubuhi, tushuke korongoni, tule chakula cha mchana huko huko chini. Ni sawa? (Baba wa wanne, Barani)

Si sawa, na swali hili hujibiwa hapa kila likizo. Ukitoka saa 4 utakuwa chini ya korongo karibu na saa 6, jua likiwa utosini. Zile kuta nyeupe na za waridi mnazozifuata kwa picha zinarudisha jua kama bati jipya, na upepo wa kusi mnaousikia ukingoni haufiki chini. Wewe mtu mzima joto linakupiga usoni. Mtoto wa miaka 5 kimo chake kiko karibu na mchanga, na mchanga wa saa 6 haukanyagiki kwa mguu mtupu.

Nyakati ni mbili tu. Ya kwanza ni alfajiri: ondokeni Malindi saa 11 na nusu, muwe mnashuka saa 1 asubuhi, na saa 3 kila mtu awe amekwisha panda. Ya pili ni alasiri: fikeni saa 9 na nusu, shukeni saa 10, muanze kupanda saa 12 kasorobo. Jua letu hutua kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 40 hivi kulingana na mwezi, na giza halikawii. Dakika 20 baada ya jua kuzama huoni unapokanyaga, na njia ya kupandia ina mchanga uliolegea juu ya udongo mgumu, unateleza kama uliomwagiwa punje za mtama.

Alasiri ndipo rangi zinapowaka: nyekundu inakolea, ile ya maziwa inageuka dhahabu. Hata hivyo mwenye watoto wadogo aende asubuhi, maana mtoto aliyechoka mchana kutwa ndiye anayeanguka jioni. Chakula mkile juu, kivulini.

Chupa ya nusu lita kwa kila mtu itatosha? (Mama, Shella)

Haitoshi hata ya kushukia.

Mtu mzima anayetembea kwenye joto lile anahitaji nusu lita hadi lita 1 kwa saa. Kwa safari ya nusu siku, kwenda na kurudi, hesabu lita 3 kwa mtu mzima na 2 kwa mtoto. Wazazi wawili na watoto watatu ni lita 12. Ongeza maji ya kunawa, ya kulowesha leso, na ya rejeta ya gari. Utakuta ni dumu moja la lita 20, na ndilo la kubeba. Liwe dumu la maji tangu mwanzo. Lililowahi kuwekwa mafuta ya taa au dawa ya shamba halisafishiki, hata uliloweke na ndimu wiki nzima. Kila mtu ashuke na chupa yake mkononi. Maji yaliyobaki garini hayamsaidii aliye chini.

Beba pia sukari na chumvi. Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga mpaka viyeyuke. Pima kwa kijiko, usikisie kwa kiganja, kwa sababu chumvi ikizidi humdhuru mtoto.

Mtoto akianza kulalamika kichwa, kutapika, au akinyamaza ghafla ilhali alikuwa mchezaji, msimalizie mzunguko. Mpelekeni kivulini, mvueni shati, lowesheni leso mumfunike, mpepeeni, mumpe maji kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akalegea, ni hospitali saa hiyo hiyo, huku mkiendelea kumlowesha njiani. Asiyejitambua hanyweshwi kitu.

Mimi ni mwenyeji, korongo ni la Mungu. Kwa nini nilipe mwongozaji? (Kijana, Ganda)

Kwa sababu mwenyeji wa Ganda si mwenyeji wa Marafa, na korongo la mwaka jana silo la mwaka huu.

Elewa kwanza linavyoumbwa. Kuta zile ni tabaka za mchanga na udongo ambazo hazikushikana vizuri. Jiwe lake ukilisugua kwa kidole linatoa unga. Mvua ya masika inapiga, maji yanatafuta njia, yanakula tabaka laini lililo chini na kuliacha gumu likining'inia juu kama kibaraza. Kwa hiyo ukingo unaoonekana mpana kutoka juu huenda chini yake hakuna kitu. Vile vichuguu virefu vilivyosimama kama minara vinamegeka kila msimu. Mwongozaji wa kijijini anajua upenyo gani umeziba tangu mvua ya mwisho, na ukingo gani umeliwa kwa chini. Wewe hujui, hata ukiwa umekwenda mara kumi.

Halafu ipo hadithi. Wagiriama wanapaita Nyari, mahali palipovunjika penyewe, na wanasimulia juu ya familia yenye ng'ombe wengi iliyofikia kuoga maziwa huku jirani wana njaa, mpaka ardhi ikawameza; nyeupe ya kuta ni maziwa, nyekundu ni damu. Msikilizisheni mwanao hadithi hiyo mkiwa mmesimama ukingoni, kwa mdomo wa mtu wa pale. Ada ya kuingia na ya mwongozaji ni riziki ya watu wa Marafa, na familia iliyotia mafuta ya gari hadi huko haishindwi nayo. Tena muache kupaita majina ya watalii ya shetani na jehanamu. Pana jina lake.

Msimamo wangu juu ya ukingo ni hatua 5 kutoka mwisho, mtoto ameshikwa mkono, sio kiganja bali kifundo, maana kiganja chenye jasho kinateleza. Siku mbili tatu baada ya mvua kubwa msishuke kabisa.

Watoto wanaruhusiwa kuandika majina yao ukutani? Nimeona wengine wameandika. (Mwalimu, Muyeye)

Hapana. Na mwalimu kuuliza hivyo kunasikitisha. Kila mkwaruzo ni mfereji wa maji ya masika, na mfereji unakuwa ufa.

Nasikia huko bara kuna mashimo ya wazungu waliotafuta madini zamani. Vijana wangu wa miaka 12 na 14 wanataka kuingia na tochi. Kuna hatari gani kama tumebeba kamba na mshumaa wa kupimia hewa? (Baba, Watamu)

Msiingie. Kamba na mshumaa havibadilishi jibu.

Ni kweli Kilifi ina historia ya madini. Madini ya risasi (ile metali nzito) na barite (jiwe jeupe zito) yamejulikana Kinangoni na Vitengeni kwa miaka mingi. Mgodi ulioachwa unaua kwa njia tatu, na hakuna hata moja inayotoa ishara.

Hewa ndiyo ya kwanza. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Ndani ya shimo lililofungana, magogo yanayooza na mawe yenye salfa yanaila hiyo oksijeni polepole, na kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa, inatuama chini. Haina rangi. Mshumaa huzimika oksijeni ikishuka karibu na asilimia 16, na watu wanadhani hiyo ni kengele ya kutosha. Lakini mshumaa unapima pale ulipo tu. Hatua 3 mbele, kwenye bonde la sakafu, hali ni nyingine. Chini ya asilimia 10 mtu anaanguka bila hata kuhisi kwamba anakosa pumzi. Kisha ndugu yake anaruka kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Wachimba visima wa kwetu wanalijua jambo hili vizuri: aliyeanguka kisimani hafuatwi na mtu asiye na hewa yake mwenyewe. Piga kelele, ita msaada, simama juu. Ni vigumu kwa mzazi, ndiyo maana nasema msifike hapo.

Ya pili ni mdomo wa shimo. Mbao za zamani zimeliwa na mchwa, udongo wa pembeni umeinamia ndani kama faneli, na vichaka vimefunika juu. Mtoto anayekimbia mbele ya wazazi haoni shimo, anaona kichaka.

Ya tatu ni maji, na hapa sizungumzii bara tu. Matimbo ya mawe yaliyoachwa, yale tuliyojengea nyumba zetu, hujaa maji ya mvua. Kuta zake zimekatwa wima. Mtoto anayejua kuogelea baharini, ambako ufuo unapanda taratibu, akiingia timboni hana pa kushika wala pa kukanyaga akitoka. Anachoka akiwa mkono mmoja tu kutoka ukingoni. Wenye matimbo wasiyoyazungushia ua wana dhambi, na wazazi wanaowaacha watoto wayafanye bwawa la likizo wana yao.

Vijana wakitaka kuona ardhi inavyochimbwa, omba ruhusa kwa mwenye timbo linalofanya kazi, wasimame juu waone tofali la matumbawe linavyokatwa. Kisha wapelekeni Gede waone kuta zilizojengwa kwa mawe ya namna hiyo hiyo karne nyingi zilizopita.

Mwanangu ameokota jiwe zito linalong'aa kama fedha. Aliweke? (Mama, Maweni)

Likiwa zito kupita ukubwa wake na linavunjika vipande vya pembe mraba, huenda ni galena, na galena ni jiwe la risasi, zaidi ya asilimia 86 kwa uzito, nayo risasi ni sumu. Halilazwi chini ya mto na halichezewi na mdogo wake anayetia kila kitu mdomoni. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Tena Sheria ya Madini ya 2016 inasema madini ni mali ya Jamhuri. Jiwe la ukumbusho liachwe lilipokuwa.

Gongoni tunaweza kuingia tu tukaone chumvi? (Wanandoa, Mtangani)

Ni mali za watu. Ombeni ruhusa langoni, au tazameni kutoka barabarani. Waelezeni watoto wanachokiona: maji ya bahari yana kiasi cha gramu 35 za chumvi kwa lita, yanapitishwa kidimbwi hadi kidimbwi huku jua likiyakausha, jasi, yale madini meupe ya plasta, inatangulia kutuama, na chumvi ya mezani inaganda vidimbwi vya mwisho. Vaeni viatu, kwa sababu punje zilizoganda zinakata kama chupa, na kidonda kikiingia maji yale mtoto atalia hadi Mambrui.

Bibi ana miaka 74 na magoti mabovu. (Mjukuu, Kisumu Ndogo)

Abaki juu na kiti, mwavuli na mtu mmoja wa kukaa naye. Kutoka ukingoni anaona vizuri kuliko walioshuka.

Gari dogo litafika? (Wengi)

Wakati wa ukame, ndiyo, ni mwendo wa saa 1 hivi kutoka Malindi. Baada ya mvua piga simu Marafa kwanza. Jazeni mafuta Malindi, kagueni tairi la akiba lina upepo. Mkinasa kwenye mchanga, upande wa Ngomeni hasa, msizidi kukanyaga mafuta. Punguzeni upepo wa matairi hadi paundi 18 au 20, tokeni taratibu, kisha mjaze tena kabla ya kukimbia lami.

Tubebe chakula gani? (Mama wa watano, Mambrui)

Mahamri, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi, machungwa. Wali wa nazi na mbaazi za nazi viacheni nyumbani: ndani ya gari lililofungwa vinachacha kabla ya adhuhuri, na harufu mtaisikia baada ya watoto kula.